Jinsi Ulivyoacha Nyama

Mama Otilia,

Wanaojua kuandika barua huanza na "mpendwa". Mimi nikikuita mpendwa leo, baada ya miaka yote ya kukuita "wewe", utageuka huko ulikolala uangalie nyuma kama kuna mwanamke mwingine ameingia. Kwa hiyo nakuita nilivyozoea. Mama Otilia, ni mimi. Bado nina meno sita, na mdomo uleule.

Barua ya mtu na mkewe hufungwa kwa gundi. Hii siifungi. Kuna jambo nilikufanyia mbele ya watu na watu wakacheka, siwezi sasa kuja kulimaliza chumbani, mimi na wewe na ukuta. Baadhi ya waliocheka bado wapo hapa Ifakara, wanatembea na magongo yao. Waisome. Wacheke na mwandiko wangu pia, wakipenda. Niliishia darasa la tano, mwalimu aliposema kichwa changu kimejaa maneno hakina tena mahali pa kuweka hesabu.

Nianzie Mngeta, kwenye kibanda cha shamba, mwaka wetu wa kwanza. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, tumehamia shambani kama kila mtu, kutwa tunafukuza ndege kwa makopo na matusi. Siku moja nikapata kambale, mnene kama paja la katekista. Ukampika kwenye sufuria letu moja, na kwa kuwa hatukuwa na sahani tukamlia kwenye mfuniko. Ukaniomba kichwa. Nikakupa, nikakaa kukutazama. Ulikibomoa kile kichwa mfupa kwa mfupa, ukafyonza macho, ukafyonza mashavu, mpaka kilichobaki hata sisimizi wangekuja wakarudi wamekasirika. Nikasema mwanamke huyu atanimalizia mto mzima. Ukajibu bila kuinua uso, "Ungetaka anayekula majani, ungeoa mbuzi."

Nimeikumbuka hiyo juzijuzi tu. Ilikuwa imepotea kabisa.

Maana baadaye, tulipojenga huku mjini, wewe ukawa ndiye mtu wa majani. Matembele, mchicha, majani ya maboga, mlenda, kisamvu. Sikukuu inakuja, kuku wanachinjwa, unapika mpaka jirani wanapiga chafya, halafu wewe mwenyewe unachukua kimlenda chako unakaa pembeni ya meko. Nikipita naona. Mara mojamoja, nikiwa nimeshiba na roho yangu nzuri, nikikuuliza mbona huli nyama, unasema, "Mimi hiki kinanitosha."

Kinanitosha. Nilikuamini, mwenzangu. Mtu aliyeshiba huamini upesi. Nikawa natembea na sifa hiyo vilabuni: jamani mimi nimeoa vizuri, mke wangu ni kama mbuzi, anakula majani, hana gharama. Nilikuita mbuzi, na neno nililitoa mdomoni mwako mwenyewe, na sikukumbuka.

Sasa sikia ya bintiyo.

Ulituacha wakati wa mavuno. Noeli iliyofuata Otilia akaja kutoka Dodoma anakofundisha, amebeba mfuko wa karanga, maharage ya soya na maunga nisiyoyajua. Nilijua siku nyingi kwamba nyama hali, nilidhani ni maringo ya shule. Safari hii akaniketisha akanieleza kwamba hali chochote kinachotoka kwa mnyama. Nyama hapana, samaki hapana, mayai hapana, maziwa hapana, hata asali, kwa sababu ni jasho la nyuki. Anasema watu wa hivyo wanaitwa vegani. Nikamuuliza hiyo ni dhehebu au ni ugonjwa. Hakucheka. Wewe ungecheka, au ungejifanya kucheka, sasa sina hakika tena.

Masanja alikuwepo. Yule rafiki yangu Msukuma wa Kiberege, aliyeingia bondeni na ng'ombe wengi kuliko kaya za kijiji. Alituletea kibuyu cha maziwa ya mgando, pole ya msiba. Otilia akamwamkia vizuri, shikamoo baba, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante lakini yeye hanywi. Masanja akaniangalia mimi kana kwamba mtoto amesema hapumui. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ng'ombe hafi akikamuliwa."

"Najua, baba," Otilia akasema. "Ndama je, umemuuliza?"

Masanja akakitazama kibuyu chake. Ni mara ya kwanza kumwona Masanja akishindwa hoja ya ng'ombe.

Basi Otilia akatueleza kwamba hawa vegani nao wana namna zao. Kuna walioacha kwa ajili ya wanyama, hao hata mkanda wa ngozi hawavai. Kuna walioacha kwa ajili ya mwili, daktari amewatisha. Wengine wanakula vibichi tu, meko kwao ni mapambo. Wengine wanakula vitu vya pakiti, soseji iliyotengenezwa kwa soya, ambayo mimi naona ni kama kumwacha mke halafu ukatundika picha yake ukutani. Na kuna wanaokula mayai na maziwa lakini nyama hawagusi. Hao wenzao hawawahesabu, ni kama sisi tunaokwenda misa ya Pasaka tu.

Nami nikamjibu kwamba mbona hata hapa Ifakara tunao, ila hawana jina. Jirani yetu Msabato hajagusa nyama tangu abatizwe, na afya yake inanikera. Masanja mwenyewe daktari alimkataza nyama nyekundu kwa ajili ya miguu, akaacha kabisa, isipokuwa anapokuwa na njaa. Sisi Wakatoliki tunaacha nyama Ijumaa za Kwaresima, tunajitesa kwa perege wawili na mafuta. Na bonde zima linakuwa vegani kila mwaka mpunga ukiwa bado mchanga na ghala tupu. Hapo hata padre anakula mlenda na hakuna anayemwandika gazetini. Nikajiona nimesema. Masanja akapiga paja.

"Na mama?" Otilia akauliza. "Mama alikuwa wa namna gani?"

Nikasema mama yako alikuwa anapenda majani, basi. Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga mdomo na kukaa. Mimi nikapanga utani.

Siku ya Noeli nikasema leo napika mimi kisamvu cha binti yangu, asije akasema baba hamjali. Mimi huyu, ambaye jikoni kwako nilikuwa najua mlango tu. Nikatwanga mwenyewe kisamvu kwenye kinu chako, mabega yakapata habari. Nikakuna nazi. Nikaweka karanga. Halafu nikachukua kile kikopo chako cha unga wa kambale mkavu, kilikuwa bado kwenye rafu ulipokiacha, nikatia vijiko vitatu. Unajua kwetu ule si samaki. Ni kiungo. Mtoto wa Kindamba akionja kisamvu kisicho na unga wa kambale anauliza nani amekufa. Nikajiambia kama haoni samaki, basi hajala. Na kama atakula akasifu, nitakuwa nimeushinda uvegani wote wa Dodoma kwa vijiko vitatu.

Wageni walikuwepo: Masanja, katekista, na majirani wawili wa jumuiya. Otilia akala. Alipotia tonge la kwanza akafumba macho, akasema polepole, "Baba. Hiki ni kisamvu cha mama." Akaongeza tena. Mwanangu ambaye tangu msiba alikuwa anadonoa kama kifaranga mgonjwa, akala mpaka akapangusa sahani kwa kidole.

Ningeishia hapo ningekuwa na siri mbaya, lakini ningekuwa na mtoto. Sikuishia. Nilisubiri apanguse sahani, ndipo nikagonga meza nikawatangazia kwamba vegani wetu amekula kambale na mkia wake.

Walicheka. Katekista alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lile si la kushikwa na mtu mmoja. Otilia aliweka sahani chini taratibu, akaenda nyuma ya nyumba. Tukamsikia akitapika. Kicheko kikaisha kimojakimoja, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu.

Akasema, "Umenifanya paka na mimi."

Nikauliza, paka gani?

Nakuapia, Mama Otilia, sikuwa najifanya. Na mtoto aliona kwamba sijifanyi. Hapo uso wake ukavunjika. Nadhani kwa samaki angenisamehe. Kwa kusahau hakunisamehe.

Ikabidi anikumbushe yeye, mbele ya wageni wale, amesimama, mikono ikidondosha maji. Na alivyokuwa akisema, ikaanza kunirudia, kipande kwa kipande.

Ilikuwa sikukuu pia, Otilia ana miaka saba. Nilikuwa nimechinja majogoo wawili. Sisi wanaume tulikaa uani, na nyama yote ikaja uani, kama kawaida, na firigisi kwenye kisahani chake cha baba mwenye nyumba, kama kawaida. Ninyi jikoni mlibakiza mchuzi. Tulikula, tukanywa, mkaondoa sahani. Baadaye nikaja jikoni kutafuta maji. Nikakukuta nyuma ya mlango, umechuchumaa, sahani zetu ziko mapajani mwako, unafyonza mifupa tuliyoiacha. Mtoto amechuchumaa kando yako, naye ana mfupa wake.

Mtu mwingine angeona aibu yake. Mimi niliona kichekesho. Nikawaita wenzangu, "Njooni muone, kumbe nafuga paka mwenye miguu miwili." Wakaja, wakajaa mlangoni na pombe zao. Mmoja akakuita nyau, nyau, akakurushia mfupa.

Na wewe ukacheka. Hilo ndilo lililonidanganya miaka yote. Ulijipangusa mdomo kwa pembe ya kanga, ukacheka, ukasema, "Basi leo mmenikamata." Nikajua mke wangu ana roho nzuri, anajua utani. Wale jamaa wakawa wakipita barabarani wanaita nyau juu ya ua, mwezi mzima, na mimi naitikia nikicheka.

Otilia akasema, "Mama hakula nyama tena ndani ya nyumba hii tangu siku ile. Nilimwambia asipokula yeye na mimi sili. Akanikatalia, nikamdanganya nakula. Huko mjini wakiniuliza, nasema ni kwa ajili ya wanyama, na ni kweli, nimefika huko. Lakini nilianzia pale nyuma ya mlango."

Aliondoka asubuhi na basi la kwanza. Katekista aliniaga akiangalia viatu vyake. Masanja peke yake alibaki, akakaa nami mpaka jua likahama, halafu akasema, "Mimi ng'ombe wangu mmoja akiacha kula siku moja tu, najua." Akachukua fimbo yake akaenda. Hakuwa ananitania. Ningependa angekuwa ananitania.

Nikampigia simu mdogo wako kule Chita. Nilitaka aniambie mtoto ametia chumvi. Akasema kwake ulikuwa unakula kuku kila ulipokwenda. Tena unaomba shingo na miguu, na huzungumzi mpaka umalize. Akaniuliza, "Kwani kwako alikuwa hali, shemeji?"

Kwa hiyo tumbo lilikuwa zima. Hamu ulikuwa nayo. Miaka yote ile ya kunusa mvuke wa kuku wangu, ukionja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, ulikuwa unaitaka nyama. Na mimi ninayejisifu kwamba nikisikia ndege shambani najua amekula punje au ameikosa, sikujua mke wangu anakula nini umbali wa hatua kumi. Ningekulaumu kwamba hukusema. Nimejaribu kukulaumu, nilikaa na lawama hiyo wiki mbili. Lakini ungemwambia nani? Mtu ambaye ungemwambia angeita watu.

Otilia na namna zake zote za vegani, hakuitaja yako. Wewe hukuacha kwa ajili ya ng'ombe wala kwa ajili ya mwili. Mungu hakukuagiza, na njaa haikukulazimisha. Uliacha kwa ajili ya kicheko changu. Dini hiyo mimi ndiye niliyeianzisha, nikapata waumini wawili.

Tangu Noeli nami sijala nyama. Usinisifu. Mwanzo nilifanya kwa hasira, nione ni kitu gani hicho. Wiki ya kwanza niliota mishikaki. Kisha nikazoea, na katika kuzoea nikagundua kitu kinachonichoma: mlenda wenye ufuta ni mtamu. Kwa hiyo hata adhabu sikupata. Nilimpigia Otilia kumwambia, akasema, "Sawa, baba," akakata. Alikuwa anapokea simu zangu kama mtu anayepokea barua ya serikali.

Kumbukumbu yako ya mwaka ilipofika nikaogopa hatakuja. Akatuma ujumbe kwamba atakuja, ila atapika mwenyewe, na hatapikia vyombo vya nyumba hii. Nikaenda sokoni nikanunua sufuria jipya, na mwiko mpya, halafu nikampangia mafiga matatu mapya mbali na jiko lako, chini ya mchungwa. Sufuria sikuligusa hata kwa maji. Lilikaa kitandani upande wako na karatasi yake.

Alikuja. Akatazama yale mafiga, akatoa karatasi kwenye sufuria, akaikunja. Baada ya misa akapika wali wa nazi na kisamvu, kwa watu wote waliokuja, na safari hii hakuna kuku aliyechinjwa, hakuna uani na hakuna jikoni. Akapakua kila mtu kwa mkono wake. Watoto kwanza, halafu kinamama, halafu wanaume. Mimi nikasubiri. Nimezoea sahani yangu kufika ya kwanza, mkono ulikuwa unaning'inia kama wa mtu aliyenyimwa salamu. Watu wakala, wakashukuru, wakaanza kuondoka, sahani yangu haijafika.

Nikainuka nikaenda kule kwenye mafiga. Otilia alikuwa anakwangua. Ndani ya sufuria kulikuwa na ukoko wa wali na kisamvu cha kushikana na pembe. Akanielekezea mwiko.

"Kilichobaki ni hicho, baba."

Nilikuwa na utani kama saba mdomoni. Unanijua. Nikausukuma wote nyuma ya yale meno sita. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikavuta sufuria mapajani.

Nikasema, "Mimi hiki kinanitosha."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalikuwa pale jikoni miaka yote, nikayaokota. Otilia akashtuka, akageuza uso. Nikala. Kilikuwa kitamu, Mama Otilia, na ilikuwa aibu kula nimechuchumaa huku watu wanapita wanaaga. Viwili hivyo kwa pamoja, kila tonge. Sikujua kama vinaweza kukaa kwenye mdomo mmoja.

Nilipomaliza nikamwambia nataka kumwomba mama yake msamaha pale kaburini, nitamwambia polepole. Akasema hapana. "Ulimcheka kwa sauti. Usije ukamwomba kwa kunong'ona." Ndiyo maana unaniona na kalamu.

Kesho jumuiya inasali hapa kwetu, na barua hii itasomwa wote wamekaa. Atasoma Otilia. Mimi amenikatalia, anasema nikisoma nitatia utani katikati, watu watacheka, na nitakuwa nimeponea tena. Mtoto ananijua kuliko nilivyokujua wewe. Kwa hiyo nitakaa nisikilize. Yule aliyekurushia mfupa naye huja jumuiya siku hizi, amepofuka jicho moja. Asikie kwa masikio yote mawili.

Akishamaliza kusoma ndipo ataamua kama atakula tena kitu nilichopika mimi. Nimeloweka maharage. Hajaahidi.

Nakuacha hapo, mwenzangu. Padre anasema huko kuna karamu. Mimi sina uhakika naye, lakini kama ni kweli, usisubiri watu washibe. Firigisi chukua wewe, ule uani, mbele ya wote. Siku nitakapofika nitapitia mlango wa jikoni, na nikikukuta na mfupa, sitamwita mtu.

Mumeo uliyemwachia mdomo,
Baba Otilia